Shajara ya mradi: Jike naye achorwe

Konde, Pemba. 4 Oktoba

Leo nimeanza rasmi. Kilichonisukuma ni karatasi ya mtoto wa darasa la tano. Niliwaambia wanafunzi wachore ndege wawili wanaowaona nyumbani kwao. Binti mmoja akaleta chozi, kile kindege cha mdomo uliopinda, wa kijani na zambarau, kapakwa penseli ya rangi mpaka karatasi inateleza, na pembeni yake kindege cha kijivu na njano. Chini ya yule wa pili kaandika: "Simjui jina, lakini hukaa naye."

Nikaenda kwenye chati ya ndege iliyobandikwa ukutani ili nimwoneshe kuwa yule ni jike wa chozi huyo huyo. Hayumo. Nikaipitia chati yote kwa kidole. Kila penye ndege ambaye dume na jike hawafanani, kachorwa dume peke yake. Mtoto huyu kaona kwa macho yake kile ambacho chati haikumwonesha, na alikuwa karibu kukifuta kwa kudhani kakosea.

Nimeamua nitengeneze chati yetu wenyewe, kwa Kiswahili, ya ndege wa msitu wa Ngezi na mashamba yanayouzunguka. Kila ndege atakuwa na dume na jike, kwa ukubwa wao wa kweli wakilinganishwa, upande kwa upande. Nataka iwe ukutani skuli zikifunguliwa Januari.

Sharti moja nimejiwekea. Vitabu vya ndege nilivyosoma humweleza dume kwa mistari mitano, kisha: jike, kama dume ila amefifia. Sentensi hiyo sitaiandika. Jike nitamweleza kwa alichonacho.

9 Oktoba

Nimekwenda Ngezi na Ami, kaka yake mdogo baba, ambaye alifanya kazi ya msitu miaka mingi na mpaka leo hapiti njia ya Makangale bila kusimama kusikiliza. Tumeingia alfajiri. Baada ya kupita mipapindi, ile miti myembamba ya msituni ya jamii ya minazi, ambayo kwa asili haioti pahala pengine ila kisiwa hiki, akaniwekea mkono begani.

"Kaa kimya, mwanangu. Chozi yuko juu ya ua lile."

Chozi wa Pemba, Cinnyris pembae, ni wetu peke yetu. Kaelezwa kitaalamu mwaka 1905 na Reichenow, Mjerumani. Zamani wengine walimhesabu kuwa aina tu ya chozi wa mwambao wa bara. Ndege wengine watatu walio wa Pemba pekee ni ninga wa Pemba, bundi mdogo wa Pemba, na kinengenenge wa Pemba mwenye duara jeupe jichoni. Wanne hawa lazima wawemo kwenye chati, hata nikikosa nafasi ya wengine.

Dume nimemwandika haraka, hana taabu: kichwa na mgongo kijani cha madini, kifuani mkanda wa urujuani, tumbo jeusi. Jike kanichukua saa nzima. Mgongo wa kijivu, lakini si kijivu cha majivu; kina ukijani kidogo akigeuka. Juu ya jicho ana mstari mweupe hafifu kama wa nyusi. Chini, kuanzia koo mpaka tumboni, njano ya maziwa iliyotiwa tone la manjano, safi, haina michirizi. Mdomo mweusi uliopinda sawasawa na wa dume. Huo mdomo ndio unaomtambulisha kuwa ni chozi hata akiwa kwenye kivuli.

Ami alisoma nilichoandika. Akasema, "Sasa huyu namjua. Ndiye anayeshona."

Kweli, ndiye mjenzi. Kiota cha chozi ni kifuko kinachoning'inia kwenye ncha ya tawi, kimefungwa kwa utando wa buibui, na kwa chozi mayai huatamiwa na jike peke yake.

17 Oktoba

Jambo la kusikitisha lakini lenye faida. Asubuhi wanafunzi wameniletea chozi dume aliyejigonga kwenye kioo cha dirisha la ofisi ya walimu. Alikuwa bado ana joto. Nimemlaza juu ya karatasi nyeupe karibu na mlango, nikakaa naye mpaka kengele ya mapumziko.

Kwa mbali kifua ni urujuani mmoja. Kwa karibu, kila unyoya una rangi kwenye ncha tu. Shina lake lote ni jeusi la moshi. Nikaigeuza karatasi taratibu, mwanga ukiwa palepale. Urujuani ukawa bluu, bluu ikawa nyeusi, na nilipofika robo ya mzunguko yule ndege alikuwa mweusi mtupu, hana hata chembe ya rangi. Nikarudisha, rangi ikarudi. Watoto waliokuwa nyuma yangu wakapiga kelele.

Niliwaeleza hivi. Ndani ya unyoya ule hakuna dawa ya zambarau wala ya kijani. Kuna chembe za melanini, rangi nyeusi ile ile ya nywele zetu, zimepangwa tabaka juu ya tabaka kwa vipimo vidogo mno. Mwanga ukigonga tabaka hizo, baadhi ya rangi zake huongezana nguvu na nyingine huuana, na kinachorudi jichoni hutegemea umesimama wapi. Ni kama rangi zinazotembea juu ya povu la sabuni.

Manyoya ya jike hayana mpango huo. Njano ya tumboni ni rangi halisi, haigeuki ukiligeuza tumbo.

Mchana nimejaribu kumpaka dume kwa rangi za maji. Ukitia zambarau inakufa, inakuwa kama shati lililokwajuka. Mwisho nimegundua kwamba lazima uanze na weusi, kisha uache mstari mwembamba wa karatasi tupu pale mwanga unapopiga, na uguse urujuani ukingoni mwake tu. Weusi, urujuani, kijani, basi. Jike kataka rangi saba kwenye sahani na bado sijampata.

Yule dume tumemzika chini ya mkarafuu.

26 Oktoba

Kwa Bibi, Wete. Nilikwenda kumtazama tu, sikuwa na nia ya kazi, lakini nimerudi na jambo kubwa kuliko yote ya mwezi huu.

Nilikuwa namwonesha michoro. Akaitazama, akasema, "Mimi nilikuwa na kuku, mtetea mzee, keshataga miaka. Akaacha kutaga. Baada ya kupukutika manyoya, akaota mkia wa jogoo. Siku moja akawika."

"Ukamfanyaje, Bibi?"

"Babu yako akasema achinjwe, kuku jike kuwika ni mkosi. Mimi nilimhurumia, alinilelea vifaranga wengi."

Kuku yule hakuwa na mkosi. Kuku jike ana ovari, kiungo cha kutengeneza mayai, moja tu inayofanya kazi, ya kushoto. Ovari hiyo hutoa homoni ya estrojeni, na estrojeni ndiyo inayoyaamrisha manyoya yanayoota yawe ya mtetea: mafupi, ya mviringo, ya rangi ya kujificha. Ovari ikiharibika kwa maradhi au uzee, amri hiyo inakatika. Manyoya yakipukutika na kuota upya, yanakuja marefu, yamechongoka, na mkia unapinda kama mundu. Jogoo aliyehasiwa, kwa upande wake, hubaki na manyoya yake ya jogoo. Kinachosinyaa ni ule upanga wa kichwani. Mambo ni hivyo hivyo kwa bata na tausi.

Nimelirudia jambo hili mara nyingi ndani ya daladala. Kwa kuku, vazi la jogoo ndilo linaloota pasipo na amri yoyote. Vazi la mtetea ndilo lenye mtengenezaji. Mwili wake unalifanyia kazi, unyoya kwa unyoya, na ukiacha kufanya kazi linapotea. Nani basi aliyeandika kwamba yeye ni dume aliyefifia?

Si ndege wote walio hivyo. Kwa jamii nyingine amri hutoka kwenye homoni nyingine, au imo ndani ya seli zenyewe: dume wa ndege ana kromosomu mbili za Z, jike ana Z na W. Homoni ya chozi sitaiandika. Lakini kuku wa Bibi atapata kisanduku chake kwenye kona ya chati, maana kila mtoto Konde anamjua kuku.

2 Novemba

Mvua ya vuli imeshika. Nimekaa ndani nasoma kwa nini dume na jike hutofautiana rangi.

Darwin, mtaalamu wa viumbe wa Kiingereza, aliandika mwaka 1871 kwamba majike huchagua, na uchaguzi wao kizazi baada ya kizazi ndio uliowapamba madume. Wallace, mtaalamu mwenziwe wa zama hizo, alilitazama jambo hilo kutoka upande wa kiota: anayelalia mayai anaonwa na nyoka na kipanga, kwa hiyo aliye na rangi kali hafi peke yake, anakufa na mayai yake. Hoja zote mbili naziona hapa hapa kwetu. Mwaka 2015 ulichapishwa uchambuzi wa karibu spishi 6,000 za ndege wa jamii ya shomoro, dume na jike kila mmoja akipimwa kwa nafsi yake. Ulionesha kuwa pale madume wanaposhindania majike sana, tofauti hutokea zaidi kwa jike kupunguza rangi kuliko kwa dume kuongeza. Na katika nchi za joto wote wawili, dume na jike, huelekea kuwa na rangi nyingi zaidi.

Hilo la nchi za joto linanihusu. Ndege wengi wa huku hawahami. Wawili hushika eneo mwaka mzima na kulilinda wote, na jike anayepigania pahala pake naye ana haja ya kuonekana. Ndege aitwaye shorobo, wa msitu wa Jozani kule Unguja, ni mfano: ushungi, kijani, na wekundu wa mbawani uko kwa wote wawili sawasawa. (Wekundu wa shorobo una madini ya shaba ndani yake, na kijani chake ni rangi halisi, si ya kucheza na mwanga kama ya chozi. Siku nyingine nitaliandika hilo peke yake.)

Alasiri mvua ilipokatika, chozi jike alitua kwenye kioo cha vespa ya mwalimu mwenzangu, akakipiga kwa mdomo na mbawa, akarudi, akakipiga tena. Dume hakuwepo karibu. Aliyemwona mle ndani ni jike mwenziwe.

11 Novemba

Mvua. Njia ya Ngezi haipitiki. Karatasi mbili zimelowa kwenye mkoba, ya ninga na ya kwezi. Nitazianza upya.

16 Novemba

Pugi mwenye kidari cheupe. Anatembea chini ya miti penye giza, anaokota mbegu. Dume uso na kifua ni vyeupe kabisa, na akigeuka kukukabili ni kama mtu kawasha taa kwenye majani makavu. Jike uso na kifua vina kijivu, hageuki taa, na ukikosa kumwona akitua humwoni tena mpaka aruke.

Kwezi tumbo-jeusi pia nimemaliza. Dume anang'ara buluu na kijani, jike ana mng'ao pia lakini tumbo lake ni la masizi. Jicho lao ni la chungwa. La dume hugeuka jekundu kwa muda mfupi anaposisimka. Sijaliona likigeuka, nimechora chungwa.

Ninga nimewatazama kwenye mkuyu nusu siku nzima, wote bega la zambarau, na kwa darubini yangu sikuweza kusema kwa uhakika yupi ni yupi. Nimechora wawili wanaokula.

23 Novemba

Leo nimekosea mbele ya Ami na nashukuru alikuwepo.

Kuna kiota cha yule ndege wa mkia wa utepe, Terpsiphone viridis, kwenye tawi la chini karibu na kijito. Kikombe kidogo kuliko finjani ya kahawa, kimefungwa kwa utando wa buibui na kubandikwa ukungu wa miti nje, kwa hiyo kinafanana na kifundo cha tawi. Niliona kichwa cheusi chenye ushungi kimetokeza, nikaandika: jike kalalia mayai.

"Tazama nyuma yake," Ami akasema.

Nyuma ya kiota ziliteremka tepe mbili za rangi ya kutu, ndefu kuliko mwili wake wote, zinapepea na upepo. Ni dume. Kwa ndege hawa dume na jike huatamia kwa zamu. Baada ya muda jike akaja, akatua pembeni, dume akatoka, tepe zikamfuata kama mtu anavuta uzi kwenye kitambaa. Jike mkia wake ni mfupi, mgongo wake una rangi ya kutu ile ile, na duara la buluu kuzunguka jicho lake ni hafifu kuliko la dume.

Hoja ya Wallace nilikuwa nimeibeba kama kanuni: aliyelala kiotani ni jike. Hapa dume mwenye mkia unaoonekana toka njiani kakaa juu ya mayai mchana kweupe. Nitamchora hivyo hivyo, kiotani.

30 Novemba

Usiku, Ngezi. Bundi mdogo wa Pemba. Tulikaa juu ya gogo bila tochi. Kwanza sauti moja, "huu", kisha kimya, kisha nyingine toka upande wa pili. Ami alipowasha tochi tuliwaona wawili kwa zamu: mmoja hudhurungi ya kawaida, mwengine mwekundu wa kutu unaong'ara. Nilifurahi mno. Nikaandika: dume mwekundu, jike hudhurungi.

Leo asubuhi nimesoma maelezo ya spishi hii na nimefuta. Bundi hawa wana rangi mbili, na rangi hizo hazifuati dume na jike. Ni kama watoto wa tumbo moja, mmoja maji ya kunde na mwengine mweusi. Nimejiuliza kwa nini nilikimbilia kumpa dume ile rangi kali bila ushahidi wowote. Mradi wote huu niliuanza kupinga hilo.

Kwenye chati watakuwepo wote wawili na chini yao maneno: "Rangi mbili. Si dume na jike."

7 Desemba

Kinengenenge wa Pemba. Manjano mbele, kijani mgongoni, duara jeupe jichoni, dume na jike sare. Nimechora wawili. Ami alikuja na kahawa, akawatazama.

"Mbona umechora mmoja mara mbili? Karatasi yako ghali hii."

"Ami, sisi ndio tunaowaona sawa. Wao wenyewe huenda wakaona tofauti."

Nikamweleza. Jicho la ndege lina aina nne za seli za kupokea rangi, letu lina tatu, na wengi wao huona mpaka mwanga wa urujuanimno ambao sisi hatuuoni. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulipima manyoya ya spishi 139 ambazo watu walikuwa wakisema dume na jike hawana tofauti. Kwa jicho la ndege, zaidi ya asilimia 90 ya spishi hizo zilikuwa na tofauti.

Ami alinyamaza, akanywa kahawa yake. Akasema, "Basi waache wawili."

14 Desemba

Nimepeleka chati ya majaribio kwa mchapaji mjini. Imerudi na jike wote wameungua: ukijani wa mgongo wa chozi umepotea, nyusi zimepotea, pugi jike ni doa. Madume wametoka safi. Nilipolalamika niliambiwa wale si wa kijivu tu, wana nini cha kupotea? Nimelipa shilingi elfu kumi na tano kwa karatasi ambayo siwezi kuibandika.

Nimekaa na karatasi hiyo jioni nzima. Kosa la mashine ni kuongeza weusi. Rangi kali zinastahimili, rangi za upole zinazama. Nimewapaka majike upya, kila mmoja kwa mwanga kidogo zaidi ya alivyo, ili akishachapwa arudi pahala pake. Nimetafuta mchapaji mwengine, nikasimama kando ya mashine na mchoro wa asili mkononi. Mara ya tatu ukijani ulionekana.

Kipanga wa msituni atakosa kukamilika. Jike wake ni mkubwa kuliko dume na ana rangi ya kahawia zaidi, na nimemwona mara moja tu akipita. Nimemchora umbo, ukubwa wake sahihi, ndani nimeacha penseli.

5 Januari

Chati iko ukutani, kimo cha macho ya mtoto na si juu ya ubao. Darasa la tano limekuwa la sita, lakini nimewaita waje kwanza. Binti wa ile karatasi alimpata ndege wake mara moja. Aliweka kidole kwenye nyusi nyeupe, akasoma kwa sauti maandishi yote ya jike, kisha akatoa daftari, akaandika jina.

Halafu akageuka. "Mwalimu, kwetu kuna wa tatu. Tumbo njano kama la mama, lakini hapa kooni ana madoa meusi, na doa moja linang'ara. Huyu yuko wapi?"

Hayupo. Ni dume mchanga: huanza na vazi linalofanana na la mama yake, kisha manyoya yanayong'aa huchipuka moja moja mpaka lile la kwanza liishe. Kuna kitambo ambacho ni nusu huyu na nusu yule, na sikumtengea pahala.

Nimemuomba mama yake ruhusa ya kuja. Kesho baada ya sala ya alfajiri niko kwao, na karatasi nzito nne.